Shemeji anasema Waislamu wanamwamini Yesu, mchungaji anakataa: nani mkweli?

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba dada yake ameolewa na Mwislamu, na kila wakikutana shemeji humtania: "Sisi tunamwamini Yesu kuliko hata ninyi." Mchungaji wake naye amewaambia waumini kwamba Waislamu hawamwamini Yesu kabisa, huyo Isa wao ni mtu mwingine. Sasa shemeji amemwalika wasome pamoja Sura ya Maryamu. Anauliza mambo matatu: nani kati ya wawili hao anasema kweli, tofauti yenyewe hasa iko wapi, na akikubali mwaliko aanzie wapi ili wasiishie kugombana.

Dada yangu, shemeji yako hasemi uongo. Mwislamu anayemkana Nabii Isa amejitoa mwenyewe katika Uislamu, maana kuwaamini mitume wote ni nguzo mojawapo ya imani yake, na Isa ni katika wakubwa wao. Mchungaji wenu naye, anaposema hawamwamini, bila shaka ana maana kwamba hawamkabidhi maisha yao kama Bwana na Mwokozi, hawamwombi wala hawamwabudu. Hilo pia ni kweli, na Mwislamu aliyesoma atalikubali papo hapo. Ataongeza kwamba kumwabudu Isa ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu na mwingine, dhambi iliyo juu ya dhambi zote. Ninachokataa ni ile kauli ya "mtu mwingine". Mama ni yule yule, bikira Maryamu. Aliotumwa kwao ni wale wale wana wa Israeli, na cheo cha Masihi ni kile kile. Watu wakibishana vikali juu ya mtu mmoja, ubishi wao haumgeuzi kuwa watu wawili.

Yanayofanana ni mengi kuliko wengi wa pande zote mbili wanavyodhani, nami nitayapitia haraka. Qur'ani inamtaja Isa kwa jina mara 25. Mama yake anatajwa mara 34, nyingi kuliko katika Agano Jipya lote, na ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina katika kitabu hicho. Humo utakuta kwamba Isa alizaliwa bila baba, alisema angali mchanga, aliponya vipofu na wenye ukoma, alifufua wafu, na anaitwa Neno litokalo kwa Mungu. Mambo haya hayasemwi hivyo kumhusu Muhammad, na hapo Wakristo wengi hurukia kwa furaha: "Mnaona? Kitabu chenu wenyewe kinakiri!"

Polepole. Fungua sura ya 5, aya ya 110, pale Mungu anapomkumbusha Isa miujiza yake: kufinyanga umbo la ndege kwa udongo na kulipulizia likawa ndege, kuponya, kufufua. Katika aya hiyo moja maneno "kwa idhini yangu" yanarudi mara nne. Mkristo anaisoma akiona ukuu wa Yesu. Mwislamu anaisoma akisikia, mara nne, kwamba uwezo ule haukuwa wa Isa.

Kuna kisa katika masimulizi ya sira, yaani habari za maisha ya Mtume Muhammad, ambacho hukitumia kila ninapoulizwa swali kama lako. Yapata mwaka 615, baadhi ya Waislamu wa mwanzo walikimbia mateso ya Maka wakaenda Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo ambaye Waislamu humwita Najashi. Makuraishi, kabila lililotawala Maka, wakatuma watu wao, mmojawapo Amr bin al-As, wakawadai warudishwe. Najashi akataka kusikia alichokuja nacho Mtume wao, na mmoja wa wakimbizi hao, Jaafar bin Abi Talib, akamsomea mwanzo wa Sura ya Maryamu. Mfalme akalia, maaskofu wake wakalia. Amr hakukata tamaa. Kesho yake akarudi na fitina ya kitaalamu zaidi: hebu waulize wanasema nini juu ya Isa mwenyewe, wanamwita mja! Jaafar hakupindisha. Ni mja wa Mungu, akasema, na Mtume wake, na roho yake, na neno lake alilompelekea Maryamu bikira. Najashi akaokota kijiti chini, akasema kwamba Isa hapitilizi hayo uliyoyasema hata kwa kadiri ya kijiti hiki. Masimulizi yanaongeza kwamba wakuu waliomzunguka walikoroma kwa hasira.

Ndivyo Waislamu wanavyokisimulia, na mimi nawaelewa wale wakuu. Mfalme alipima ukubwa wa kijiti. Wao walijua kwamba imani yao yote imekaa hapo kwenye kijiti.

Sasa tukichunguze, tukianza na jina "Mwana wa Mungu", ambalo limezungukwa na vumbi jingi. Waislamu wengi wakilisikia hudhani Wakristo wanasema Mungu alipata mke akazaa. Qur'ani 6:101 inauliza, atakuwaje na mwana hali hana mke? Sura ya 112, ambayo Mwislamu huisoma mara kwa mara katika sala zake, inasema "Hakuzaa wala hakuzaliwa." Kwa maana hiyo ya kimwili, Mkristo hana budi kuitikia amina. Hakuna kanisa linalofundisha kwamba Mungu alimkaribia Maryamu kama mume anavyomkaribia mkewe. Wazo hilo ni kufuru kwao vilevile. Wanachokifundisha ni kingine, na kwa masikio ya Mwislamu ni kizito zaidi: kwamba kabla ya Maryamu, kabla ya mbingu na nchi, Mwana alikuwako, wa umungu mmoja na Baba. Kanuni ya Imani inayotamkwa makanisani inasema "aliyezaliwa bila kuumbwa".

Ndiyo maana hoja maarufu ya Adamu haimfikii anayelengwa. Shemeji yako akikuambia, kwa mujibu wa Qur'ani 3:59, kwamba mfano wa Isa ni kama wa Adamu, na kama kukosa baba kunamfanya mtu kuwa mungu basi Adamu angestahili zaidi kwa kuwa hakuwa hata na mama, mwambie ana haki. Teolojia ya Kikristo haikusema kamwe kwamba Yesu ni Mungu kwa sababu hakuwa na baba wa kibinadamu. Inasema kinyume: kwa kuwa Mwana alikuwako tangu milele, alipoingia duniani aliingia hivyo. Wakristo wengi wa kawaida hawalijui hili, wakajikuta wanaitetea hoja ambayo kanisa lao halikuitoa.

Utaambiwa pia kwamba Yesu alifanywa Mungu kwa kura, mwaka 325, kwenye Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu. Hadithi hii ina miguu mirefu. Kilichojadiliwa Nikea, chini ya mfalme Konstantino, ni mafundisho ya Arius, padri wa Aleksandria, aliyesema Mwana ni kiumbe, wa kwanza na mkuu wa viumbe, ambaye kupitia kwake vingine vyote viliumbwa. Suala la kwamba Wakristo wamwabudu Kristo au wasimwabudu halikuwa mezani. Karibu mwaka 112, zaidi ya karne mbili kabla ya hapo, gavana Mrumi Pliny aliyekuwa Bithynia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alimwandikia Kaisari Trajan kwamba Wakristo hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo "kama mungu". Pliny hakuwa na sababu ya kuwapendelea, alikuwa akiwaua. Wala Nikea haikuchagua vitabu vya Biblia, ingawa hilo nalo utaambiwa. Na Mwislamu anayemtaja Arius kama Mwislamu wa kabla ya Uislamu ajue kwamba Kristo wa Arius, aliyekuwako kabla ya ulimwengu na kuuumba, asingekubalika msikitini hata kidogo.

Shemeji naye atakutolea aya za Biblia, na usibabaike. "Baba ni mkuu kuliko mimi", Yohana 14:28. Marko 13:32, ambapo Yesu anasema siku ile hata Mwana haijui. Yohana 17:3, anapomwita Baba Mungu wa pekee wa kweli. Aya hizi hazikufichwa na mtu. Maaskofu wa karne ya nne walizibishania hizo hizo. Jibu la kanisa, lililokuja kuwekwa sawa kwenye mtaguso wa Kalkedoni mwaka 451, ni kwamba Kristo ni nafsi moja yenye asili mbili, ya Mungu na ya mwanadamu, kwa hiyo anayeona njaa na asiyejua saa na anayesali ni yeye yule aliyeitwa na Tomaso "Bwana wangu na Mungu wangu" (Yohana 20:28). Mwislamu ataona hapa ni kukwepa: mnachagua asili ya kutumia kulingana na aya iliyo mbele yenu. Mkristo atasema ni njia pekee ya kuzishika aya zote bila kutupa hata moja. Ubishi huo hauishi leo jioni. Bora angalau kila mmoja ajue mwenzake keshaziona aya anazozitoa.

Kuhusu Utatu nitasema jambo moja tu. Qur'ani 5:116 inaonyesha Mungu akimuuliza Isa kama aliwaambia watu wamfanye yeye na mama yake miungu wawili. Wakristo huruka juu: Maryamu hayumo katika Utatu wetu! Kweli hayumo. Lakini aya yenyewe haisemi inaufafanua Utatu, na wapo wafasiri wanaoona inakemea heshima iliyopindukia kwa Maryamu. Askofu Epiphanius, katika karne ya nne, aliwaandika kwa hasira wanawake wa upande wa Uarabuni waliokuwa wakimtolea Maryamu sadaka ya mikate. Nisingejenga nyumba juu ya hilo, ila linatosha kutufanya tusicheke haraka.

Hapa ndipo penye kiini, kwa maoni yangu. Watu huweka Yesu sambamba na Muhammad, Biblia sambamba na Qur'ani, halafu wanalinganisha. Ulinganisho huo hupotosha kuanzia mstari wa kwanza. Muulize Mwislamu: kitu gani cha Mungu mwenyewe kimeshuka duniani tukakipokea? Atajibu Qur'ani, maneno ya Mungu, na Muhammad ndiye aliyeyapokea na kuyafikisha. Muulize Mkristo swali hilo hilo, atajibu Yesu. "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Injili nne kwake ni ushuhuda wa watu juu ya tukio hilo, Yesu mwenyewe hakuacha kitabu. Kwa hiyo anayesimama mahali pa Yesu upande wa pili si Muhammad. Ni Qur'ani.

Ukiliona hilo, historia inaanza kufanana kwa namna ya kushangaza. Wakristo waligawanyika juu ya Mwana: ameumbwa au hakuumbwa? Karne tano baadaye Waislamu waligawanyika juu ya Qur'ani: imeumbwa au haikuumbwa? Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun aliwalazimisha wanazuoni wakiri kwamba imeumbwa. Ahmad bin Hanbal alikataa, akafungwa, na baadaye akachapwa viboko chini ya khalifa aliyefuata. Kwa Wasunni msimamo wake ndio ulioshinda: maneno ya Mungu hayakuumbwa. Swali la pande zote mbili lilikuwa moja. Kinachotoka kwa Mungu na kutufikia sisi, ni Mungu kiasi gani?

Yohana wa Dameski, aliyefariki karibu mwaka 749 na ambaye familia yake iliwatumikia makhalifa, alijaribu kuitumia hoja hii. Aliwaambia Waislamu: ninyi wenyewe mnasema Masihi ni Neno la Mungu na Roho itokayo kwake (Qur'ani 4:171). Neno hilo liko ndani ya Mungu au nje yake? Likiwa nje, Mungu wenu hana neno wala roho. Hoja imepangwa vizuri, na hadi leo utaisikia kwenye midahalo. Jibu la Kiislamu nalo limenyooka: Isa anaitwa neno kwa kuwa aliumbwa kwa neno "Kuwa", akawa. Yeye ni tunda la neno, wala si neno lenyewe. Na aya hiyo hiyo ya 4:171 inaendelea kuwaambia watu wa Kitabu wasiseme "watatu". Mwenye kuisoma nusu anaidhulumu.

Waislamu wa mwanzo hawakuliona suala hili kuwa la pembeni. Ingia kwa fikra ndani ya Kubba ya Mwamba, jengo takatifu la Kiislamu huko Yerusalemu, iliyojengwa na Khalifa Abd al-Malik na kuandikwa mwaka 72 wa Hijria, yaani 691 au 692. Juu, kuzunguka nguzo, kuna mkanda mrefu wa maandishi ya vijiwe vya kung'aa, na sehemu kubwa ya maandishi hayo inamhusu Isa: ni Mtume wa Mungu, msiseme watatu, haimpasi Mungu kuwa na mwana, amani iwe juu yake siku aliyozaliwa na siku atakayokufa na siku atakayofufuliwa. Jengo hilo liliwekwa umbali mfupi tu wa kutembea kutoka Kanisa la Kaburi Takatifu. Aliyeyaandika alijua majirani watayasoma.

Sasa msalaba. Hapa hakuna namna ya kulainisha. Qur'ani 4:157 inasema juu ya waliojigamba kuwa wamemuua Masihi: "Hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa." Aya inayofuata inasema Mungu alimwinua kwake. Wakristo kwa upande wao hawana imani bila msalaba. Paulo, akiwaandikia Wakorintho karibu mwaka 54, anawakumbusha alichopokea yeye mwenyewe kutoka kwa waliomtangulia: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Halafu anajifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe: kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure.

"Walifananishiwa" vipi? Mfasiri at-Tabari, aliyefariki mwaka 923, amekusanya masimulizi mbalimbali: moja linasema Isa aliuliza ni nani kati ya wanafunzi atakubali kupewa sura yake, kijana mmoja akajitolea, akasulubiwa badala yake, jingine linasema wote waliokuwa nyumbani walifananishwa naye. Wengine baadaye walisema ni Yuda msaliti. Fakhruddin ar-Razi, aliyefariki mwaka 1210, alikuwa na ujasiri wa kuuliza maswali magumu kabla ya kuyajibu: kama sura ya mtu inaweza kutupwa juu ya mwingine, tutaamini vipi macho yetu tena, hata katika ndoa na ushahidi? Pia kuna ubishi wa ndani juu ya 3:55, ambapo Mungu anamwambia Isa kwamba atamtwaa na kumwinua. Wengi wanasema alichukuliwa hai. Mwaka 1942 Mahmud Shaltut, aliyekuja kuwa Sheikh wa al-Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Kairo, alitoa fatwa kwamba Qur'ani haimlazimishi Mwislamu kuamini kuwa Isa alipandishwa mbinguni kwa mwili. Waahmadiyya, ambao Waislamu walio wengi hawawahesabu kuwa wenzao, wanasema aliwekwa msalabani lakini hakufia pale, akafa baadaye Kashmir. Kwa hiyo ukiambiwa "Waislamu wanasema ni Yuda", jua umepewa jibu moja kati ya mengi.

Mwanahistoria asiye na dini atasema nini? Atakuwa upande wa Mkristo katika hatua moja: kwamba Yesu aliuawa chini ya Pontio Pilato ni miongoni mwa mambo yaliyothibitika zaidi katika maisha yake, na Mrumi Tacitus, aliyewadharau Wakristo, analitaja. Hatua ya pili, kwamba kifo hicho kiliondoa dhambi za ulimwengu, mwanahistoria hana kipimo chake. Na Mwislamu anaweza kujibu kwamba aya yenyewe inakubali kuwa watu walioneshwa jambo. Walioandika waliandika kile kilichoonekana. Hilo halipingiki kwa nyaraka, wala halithibitiki kwa nyaraka.

Mimi huona watu wanapoteza muda mwingi hapo, kwenye nani alikuwa juu ya mti, wakati swali zito liko nyuma yake: msalaba ulihitajika wa nini? Katika Qur'ani Adamu alikosea, akatubu, Mungu akampokea (2:37), hadithi ikaisha. Hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine (6:164). Anayeamini hivi hata ukimthibitishia kwamba Yesu alisulubiwa, atakuwa amepata nabii mmoja zaidi aliyeuawa, basi. Kwa Paulo, katika Warumi 5, dhambi iliingia kwa mtu mmoja na mauti ikatawala wote, na mwanadamu hawezi kujitoa humo kwa toba na bidii yake. Anahitaji kutolewa. Makanisa ya Mashariki na ya Magharibi hayakubaliani juu ya namna tunavyoirithi hali hiyo, lakini yote yanakubali kwamba tumeumwa kiasi cha kuhitaji zaidi ya maelekezo. Ukitaka kujua kwa nini shemeji yako haoni haja ya msalaba, usimuulize kuhusu Pilato. Muulize mwanadamu ana tatizo gani mbele ya Mungu, na linatatuliwa vipi.

Tena kuna suala la heshima. Wengi wa Waislamu watakuambia wanaukataa msalaba kwa kumpenda Isa: Mungu hawezi kumwacha Mtume wake mtukufu afedheheshwe uchi mbele ya maadui. Ni hoja yenye upendo ndani yake, na Mkristo asiidharau. Ila haijitoshelezi, kwa kuwa Qur'ani yenyewe inasema wana wa Israeli waliwaua manabii bila haki (2:61). Mkristo kwa upande wake anaona fedheha ile ndiyo habari njema yenyewe, Mungu aliyeshuka hadi chini kabisa, Marko haoni aibu kuandika kilio cha Yesu, "Mbona umeniacha?" Mmoja anaona ukuu wa Mungu katika kutoruhusu jambo lile. Mwingine anauona katika kulibeba.

Kuhusu Injili nitakuwa mfupi. Kwa Mwislamu, Injili ni kitabu alichopewa Isa (5:46), nacho hakimo mikononi mwa watu leo kama kilivyoshuka. Wapo wanazuoni, kama Ibn Hazm wa Andalusia, waliosema maandishi yenyewe ya Wakristo yamechafuliwa, na wapo waliosema kilichopotoshwa zaidi ni maana. Shemeji akisema Biblia ilibadilishwa, muulize lini. Nakala za karne ya nne, kama Codex Sinaiticus ambayo sehemu yake kubwa iko London, ni za kabla ya kuzaliwa Muhammad, na Yesu wa humo ni huyu huyu wa Biblia yako: anasulubiwa na kufufuka. Mwislamu makini ataelekeza hoja yake kwenye miaka ya kabla ya hapo, na hapo mazungumzo yanakuwa ya maana. Kuhusu Ahmad aliyetabiriwa na Isa katika Qur'ani 61:6, ambaye Waislamu humwona ni Muhammad, na kama ndiye Msaidizi wa Yohana 14:16, siingii. Muktadha wa Yohana unamwita Roho Mtakatifu kwa jina aya kumi baadaye, na shemeji anajua utakachosema.

Lakini akikuletea Injili ya Barnaba, mwombe airudishe kabatini, kwa faida yake mwenyewe. Ni maandishi ya mwishoni mwa zama za kati au baada yake. Yesu wake anafika Nazareti kwa mashua, mji ulio milimani mbali na ziwa. Inataja yubile ya kila miaka 100, desturi iliyoanzishwa na Papa mwaka 1300, ilhali Torati inasema 50. Na kubwa kuliko yote, Yesu wa humo anakana kwamba yeye ndiye Masihi, wakati Qur'ani inamwita Masihi waziwazi. Mwislamu anayeishika anakipinga kitabu chake ili amshinde Mkristo.

Wote mnamngoja Yesu arudi, na jambo hili huwashangaza wengi. Maelezo ya Kiislamu yanatoka zaidi kwenye hadithi za Mtume kuliko Qur'ani. Katika Sahihi Muslim, mkusanyo mmojawapo wa hadithi hizo, anashuka kwenye mnara mweupe mashariki ya Dameski, anamuua Dajjal, yule masihi wa uongo, kwenye lango la mji wa Ludd, na akiombwa kuongoza sala anamwachia imamu wa Waislamu. Mikusanyo ya Bukhari na Muslim inasema atavunja msalaba. Kisha, kama mwanadamu yeyote, atakufa. Wakristo wanamngoja hakimu wa walio hai na wafu, ambaye ufalme wake hautakuwa na mwisho. Jina moja, safari moja, na kila upande unatarajia atakaposhuka atawaambia wengine walikosea.

Sasa mwaliko. Kubali. Soma Sura ya Maryamu aya 1 hadi 36 sambamba na Luka 1 na 2, kila mmoja akisoma kitabu chake kwa sauti na mwenzake akinyamaza. Mtaona vyote viwili vinaanza na Zakaria mzee anayeomba mtoto, kisha ndipo Maryamu. Hapo mnatembea pamoja. Mkifika kwenye kuzaa, Luka ana hori na wachungaji. Qur'ani ina Maryamu peke yake chini ya mtende, uchungu umemshika, akisema laiti ningekuwa nimekufa kabla ya haya. Mpe nafasi shemeji akueleze aya hiyo inamgusaje, kwa sababu hakuna mfano wake katika Luka.

Kuna sehemu mbili ambazo mtashawishika kuziruka kwa adabu. Ya kwanza ni Luka 1:35, ambapo malaika anasema mtoto ataitwa Mwana wa Mungu. Ya pili ni aya 34 hadi 36 za Sura ya Maryamu, zinazosema haimpasi Mungu kujifanyia mwana. Mwombe azisome kwa Kiarabu, utasikia hata vina vinabadilika ghafla. Msiziruke. Kila mmoja aeleze yake kwa namna ambayo mwenzake angekubali kwamba imeelezwa kwa haki, kabla ya kuijibu. Msalaba uacheni siku nyingine, na siku hiyo msome Qur'ani 4:153 hadi 159 pamoja na Marko 14 na 15, na lile swali la tatizo la mwanadamu liulizwe kwanza.